Maji yamefika karibu na nyumba: ziwa linapanda au ufuko unaliwa?

*Swali: Familia yetu ina shamba kando ya ziwa tangu enzi za babu. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunatembea mwendo mrefu katikati ya matete ndipo tufike majini. Sasa maji yako kama mita 40 kutoka ukuta wa nyumba. Upande mmoja wa shamba ni tambarare, na huko miti mikubwa imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji. Upande wa pili kuna ukingo mrefu wa udongo unaomeguka. Kinachonishangaza ni kwamba mwaka jana maji yalishuka kidogo, lakini ukingo ukaendelea kuporomoka, tena kwa kasi zaidi. Mzee wetu anasema ziwa limerudi kwenye mipaka yake na litaondoka lenyewe. Jirani anasema tetemeko limefungua chemchemi chini ya ziwa. Wengine wanalaumu tope la mashamba ya juu kwamba limelijaza ziwa. Na kijana wangu amesoma kuwa maziwa ya dunia nzima yanakauka. Nijenge ukuta wa mawe, niuze, au nisubiri? Na kile kipande kilichomo majini, bado ni changu?*

Ndugu yangu, shamba lako lina matatizo mawili tofauti, nawe umeyaeleza vizuri bila kuyatenganisha. Kule kwenye tambarare, ziwa limepanda. Kule kwenye ukingo, ardhi inaliwa. Yote mawili yanaleta maji karibu na nyumba, ndiyo maana watu huyaona kuwa ni kitu kimoja. Lakini ardhi iliyofunikwa na maji inaweza kurudi ziwa likishuka, ilhali udongo uliokwisha kumeguka na kuchukuliwa na mawimbi haurudi hata maji yakishuka mita tano. Nimeona fedha nyingi zikizama kwa sababu mtu alitibu tatizo la kwanza kwa dawa ya la pili.

Tuanze na kupanda kwa maji. Ziwa lolote lina hesabu ya yanayoingia na yanayotoka. Yanaingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa mito, na kwa maji yanayopenya kutoka ardhini. Yanatoka kwa kugeuka mvuke, kwa mto unaotoka ziwani kama upo, na kwa kuzama chini kwenye miamba. Watu wengi hufikiri mito ndiyo inayotawala. Si mara zote. Katika Ziwa Victoria, takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayoangukia ziwa moja kwa moja, na sehemu kubwa vilevile ya yanayotoka huondoka kama mvuke. Mto Nile unachukua kilichobaki. Ziwa la namna hiyo likipata misimu michache ya mvua kubwa kuliko kawaida, mizani inavurugika mara moja. Mvua za mwisho wa mwaka 1961 na zilizofuata zilipandisha Ziwa Victoria kwa takriban mita 2.5 hadi kufikia 1964. Kisha likateremka polepole, kwa kupanda na kushuka, mpaka likawa chini sana mwaka 2006. Sehemu ya kushuka huko ilitokana na ukame, na sehemu nyingine ni maji mengi yaliyoachiwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Mei 2020 likafika tena kiwango cha 1964 na kukipita kidogo.

Hebu fikiria mtu aliyezaliwa mwaka 1964 akakaa kando ya ziwa hilo miaka 40. Angeapa kwamba ziwa linakauka. Aliyezaliwa 2006 ataapa kwamba linapanda daima. Wote wawili wanasema kweli waliyoiona, ila maisha ya mtu mmoja ni mafupi kuliko mwendo wa ziwa. Kwa hiyo unaponiambia ulipokuwa mtoto maji yalikuwa mbali, nakuamini kabisa, lakini siwezi kuichukua hali ya utotoni mwako kuwa ndiyo hali ya kawaida ya ziwa hilo. Huenda ulikulia katika kipindi ambacho maji yalikuwa chini kuliko wastani, na babu naye akachagua kiwanja katika kipindi hichohicho.

Jambo la pili la kujua ni kama ziwa lako lina mto unaotoka. Lenye mto lina breki: maji yakipanda, mto nao hutoa zaidi. Penye mdomo wa mto huo pana kizingiti cha mwamba au cha udongo, na kizingiti hicho ndicho kinachoamua maji yatasimama wapi. Kizingiti kikizibwa, au kikikatika, ziwa zima linabadilika. Ziwa Tanganyika lilifanya hivyo machoni pa watu. Katika miaka ya 1870 Mto Lukuga, ambao ndio njia yake ya kutokea, ulikuwa umezibwa kwa mchanga na mimea. Mpelelezi Mwingereza, Cameron, aliuona mwaka 1874 ukiwa katika hali hiyo. Maji yaliendelea kupanda hadi kizibo kikavunjika mwishoni mwa muongo huo, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 kabla karne haijaisha. Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, palikuwa karibu na maji. Leo mgeni anayeonyeshwa mahali hapo lazima atembee ndipo aufikie ufuko.

Ziwa lisilo na mto unaotoka halina breki hiyo. Litapanda na kutanuka mpaka uso wake uwe mpana kiasi cha jua na upepo kumaliza kinachoingia. Ndiyo maana maziwa ya namna hii huyumba zaidi ya mengine, hasa yakiwa na kina kifupi. Mimina jagi la maji kwenye ndoo, kisha mimina jagi lingine kwenye sinia: ndani ya ndoo maji yanapanda, kwenye sinia yanakimbilia pembeni. Ziwa Chad ni sinia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba takriban 25,000, na katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa limebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya hapo. Bado kuna watu wanaoandika kwamba linaendelea kutoweka, wakati tangu miaka ya 1990 limerudisha sehemu ya maji yake.

Sasa rudi shambani kwako. Umbali wa mita 40 unatisha, lakini peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni urefu wa kwenda juu. Ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 100 za kutembea, maji yakipanda nusu mita tu yatafunika mita 50 za shamba. Ikishuka mita 1 kwa kila mita 300, nusu mita hiyohiyo inafunika mita 150. Kwenye ukingo mkali, nusu mita huenda isionekane kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza ukuta, pima sakafu ya nyumba iko juu ya maji kwa kiasi gani.

Huhitaji chombo cha gharama kwa kipimo cha mwanzo. Chukua ule mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi huujaza maji ili kusawazisha msingi. Chagua asubuhi isiyo na upepo. Simika mti ukingoni mwa maji na mwingine mita kumi kuelekea nyumbani, shika ncha moja ya mpira kwenye kila mti, subiri maji yatulie, weka alama mahali yaliposimama kwenye miti yote miwili. Pima kutoka kila alama hadi chini. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kimo ulichopanda katika mita kumi hizo. Hamisha mti wa nyuma, endelea hadi mlangoni, kisha jumlisha. Hakikisha mpira hauna mapovu ya hewa, maana hayo ndiyo yanayoharibu kazi. Ukimaliza utakuwa na namba moja yenye thamani kuliko maoni ya majirani wote.

Namba hiyo uilinganishe na alama za zamani za ziwa, na hapa ndipo mzee wenu anapopata haki yake. Kauli yake kwamba ziwa limerudi kwenye mipaka yake inaweza kuthibitishwa au kukataliwa kwa macho. Zunguka nyuma ya nyumba, juu kuliko ilipo. Tafuta mtaro uliochimbwa au shimo la choo, utazame kuta zake: kama kuna tabaka la kokoto laini za mviringo, makombe ya konokono wa majini, au mchanga uliochambuliwa safi bila tope, basi mawimbi yaliwahi kupiga hapo. Tazama kama kuna tuta refu la mchanga linalokwenda sambamba na ufuko, maana hilo ni ufuko wa kale. Kuzunguka Ziwa Turkana kuna fuko za kale zilizo makumi ya mita juu ya maji ya leo, kutoka enzi za mvua nyingi maelfu ya miaka iliyopita, wakati ziwa hilo lilijaa hadi kumwagikia upande wa Nile. Nje ya Afrika, milima ya Utah nchini Marekani ina ngazi zilizochongwa na ziwa lililokuwa takriban mita 300 juu ya Great Salt Lake ya sasa. Alama za kale namna hiyo hazisemi maji yatarudi kesho. Zile za chini, zenye makombe ambayo bado hayajachakaa, ndizo za kuogopa.

Miti iliyokufa majini nayo inatoa ushahidi. Mti wa nchi kavu haukui kwenye maji yaliyotuama. Kama shina limenenepa kiasi kwamba mti huo lazima uwe na miaka 50, basi kwa miaka 50 mizizi yake haikuwahi kufunikwa kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo ilivyoonekana Ziwa Nakuru na Ziwa Baringo, ambako migunga mikubwa imebaki mikavu imesimama ndani ya maji. Ukikuta kwenye tambarare yako mti mzee kuliko mzee wenu mwenyewe, mwambie kwa upole: hapo ziwa halikuwahi kukaa katika maisha yake, labda katika maisha ya babu yake.

Jirani na chemchemi yake je? Dunia imewahi kuona tetemeko likizaa ziwa. Matetemeko ya New Madrid ya 1811 na 1812 yaliteremsha ardhi Tennessee, Marekani, na Ziwa Reelfoot likatokea. Lakini hilo huwa tukio la siku chache ambalo kila mtu analikumbuka, si maji yanayojongea mwaka hadi mwaka. Nadharia hii ilipendwa sana Kenya wakati maziwa ya Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru, Bogoria, Baringo na Turkana, yalipoanza kupanda karibu kwa pamoja kuanzia mwaka 2010 hivi. Kwa kuwa yote yamo kwenye ufa, watu wakasema ufa umefanya kazi. Lakini Ziwa Victoria halimo ndani ya ufa huo, na lenyewe lilipanda katika miaka hiyohiyo. Kinachoyaunganisha maziwa hayo yote ni mvua. Uliza kama maziwa mengine ya ukanda wenu yamepanda pia. Kama yamepanda, hutahitaji chemchemi kueleza lako.

Hata hivyo nisiidharau ardhi kabisa. Katika nchi zilizowahi kulemewa na barafu nene, ardhi bado inainuka, na inainuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo maziwa huko yanainama. Ziwa Saimaa la Finland lilizidi kuinama kuelekea kusini mpaka, yapata miaka 6,000 iliyopita, likavunja tuta na kujichimbia mto mpya, Vuoksi. Ni mwendo wa milimita kwa mwaka. Usiupe lawama ya kitu ulichokiona kikitokea ndani ya miaka mitano.

Tope nalo hulaumiwa isivyo. Watu hufikiri tope likijaa chini, maji lazima yapande juu. Kwenye ziwa lenye mto unaotoka, kizingiti ndicho kinachoshika usawa wa maji. Tope likijaa, ziwa linapungua kina, lakini uso unabaki palepale. Kwenye ziwa lisilo na mto, tope husukuma maji kiasi kidogo mno ukilinganisha na mita mbili au tatu za mvua. Madhara ya kweli ya kukata misitu na kulima miteremko ni mengine: mvua badala ya kuzama ardhini inakimbia ziwani kwa siku moja, na mahali mto unapoingilia tope linatandaza ardhi mpya. Ndiyo, kwenye ziwa hilohilo linalomeza shamba lako, kuna mtu anayepata shamba jipya mdomoni mwa mto. Mwisho wa mambo, maziwa mengi hufa kwa kujaa namna hiyo, lakini ni safari ya maelfu ya miaka, na yale yenye kina kirefu ya kwenye nyufa za dunia, kama Baikal na Tanganyika, yamedumu kwa mamilioni.

Kijana wako amesoma kitu cha kweli, kisha akakipanua kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, ukitumia vipimo vya setilaiti vya 1992 hadi 2020, ulikuta zaidi ya nusu ya maziwa makubwa duniani yamepungukiwa maji, kwa sababu ya joto na matumizi ya watu. Karibu robo yaliongezeka. Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa la Asia ya Kati, ilikaushwa na kilimo cha umwagiliaji kilichochukua mito yake tangu miaka ya 1960, na Ziwa Poopó la Bolivia lilikauka mwaka 2015. Hakuna kati ya hayo linalosema chochote juu ya ziwa lako. Kila ziwa lina hesabu yake.

Sasa ukingo, ambao kwangu ndio wenye hatari zaidi. Mawimbi hayali ukingo kuanzia juu. Yanachimba mguu wake. Maji yakiwa chini, mawimbi huishia kwenye mchanga na kuchoka kabla ya kuufikia udongo. Yakipanda, mchanga unazama na mawimbi yanapiga mguu wa ukingo moja kwa moja, yanatengeneza pango dogo, kisha kipande kizima kinadondoka. Udongo uliodondoka huulinda mguu kwa muda mfupi, mawimbi yanauchukua na kuusambaza kando kando ya ufuko, kazi inaanza upya. Upande wa ziwa unaopigwa na upepo uliovuka maji mengi ndio unaoliwa zaidi. Upepo huohuo pia hulundika maji upande mmoja: kwenye Ziwa Erie la Amerika Kaskazini, dhoruba inaweza kufanya maji ya ncha moja yawe juu ya yale ya ncha nyingine kwa zaidi ya mita 2, kwa saa chache tu. Kwa hiyo siku ya kupima hatari ya nyumba yako ni siku ya upepo mkali.

Kwa nini basi ukingo uliporomoka zaidi maji yaliposhuka? Si ajabu, ingawa inaonekana kinyume. Maji ya ziwa yalipokuwa juu, yaliingia ndani ya udongo, na wakati huohuo yaliuegemea ukingo kwa nje na kuushikilia. Ziwa liliposhuka, mshikilio ule uliondoka, lakini maji yaliyo ndani ya udongo, hasa wa mfinyanzi, hayakuwahi kutoka. Ukabaki ukingo mzito uliolowa, usio na cha kuegemea. Wahandisi wa mabwawa wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hawateremshi maji ya bwawa kwa haraka. Isitoshe, ukingo ulioachwa wima hutafuta mlalo wa kupumzika. Hata mawimbi yakikoma leo, ukingo wa mita 5 wenye udongo laini unaweza kupoteza mita kadhaa juu, pengine hadi 10, ndipo utulie. Nyumba, choo na njia viwe nyuma ya hapo.

Ukuta wa mawe, basi. Kwenye tambarare, nakuambia wazi: usijenge. Maji ya ziwa hupita chini ya ukuta kupitia udongo na kutokea upande wa pili, na mvua ya shambani kwako itazuiwa isitoke. Utakuwa umejenga bwawa uani. Kwenye ukingo, ukuta unaweza kufaa, lakini ukuta wa wima wa mawe na saruji ndio mbaya kuliko yote. Wimbi likiupiga linarudi na nguvu zake na kuchimba mchanga ulio mbele, mpaka msingi unaning'inia. Maji yaliyonaswa nyuma yake yanausukuma kwa nje. Na miisho yake miwili inapita kwa jirani, ambaye sasa anakosa mchanga uliokuwa ukimfikia kutoka kwako, hivyo ufuko wake unaliwa haraka zaidi. Bora kulaza mawe makubwa kwa mteremko, juu ya kitambaa cha kuchuja kinachopitisha maji na kuzuia udongo, mguu wake ukiwa umefukiwa chini kuliko mawimbi yanavyoweza kuchimba. Vizimba vya waya vilivyojazwa mawe vinafanya kazi hiyo kwa muda, hadi waya uoze. Hii si kazi ya kubahatisha, na mara nyingi haiwezi kufanyika kihalali bila kibali cha mazingira.

Matete na mafunjo ni ulinzi wa bei nafuu, pale ambapo mawimbi si makali. Mashina yanavunja wimbi, mizizi inashika udongo. Kama bado yamebaki mahali, usiyafyeke ili kupata mandhari. Magugu maji yanayoelea ni kitu kingine, hayashiki chochote, upepo ukigeuka yanahama.

Kusogea nyuma ndiko ninakokupendekezea zaidi, ingawa najua hakuna anayefurahi kuusikia ushauri huo juu ya shamba la babu. Kama eneo la juu la shamba bado lenu, anza kwa vitu vyepesi: zizi, ghala, bustani. Choo cha shimo kihame kabla ya nyumba. Maji ya ardhini hupanda kabla ya ziwa kuonekana uani, na choo kikishaguswa nayo, kisima kilicho karibu kimeharibika hata kama maji yake yanaonekana meupe. Watoto nao wasicheze kwenye yale maji ya kina kifupi yenye majani yaliyotanda tambarareni. Penye kichocho, huko ndiko konokono wake hustawi, na penye viboko na mamba, huko ndiko wanakosogea.

Kusubiri si uzembe ukiwa unapima. Simika nguzo ya chuma majini penye utulivu, ichore sentimita, soma kila wiki saa ileile ya asubuhi, andika. Ukingoni, pigilia vigingi kwa mstari kutoka ukingo kuelekea ndani, upime umbali uliobaki baada ya kila msimu. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na hutolewa bure. Kijana wako anayesoma mtandaoni apewe kazi ya kuzitafuta, alinganishe ufuko wa miaka mbalimbali. Ofisi inayosimamia bonde la maji yenu huwa na rekodi za usawa wa ziwa za miongo mingi, na unaweza kuwaomba.

Kuhusu kuuza, siwezi kukuamulia, ila usiuze kwa hofu ya msimu mmoja, wala usimfiche mnunuzi vipimo vyako. Na kuhusu umiliki wa kilichomo majini, jibu hutegemea nchi na aina ya hati. Sehemu nyingi kitanda cha ziwa ni mali ya umma, na ukanda wa pembeni una masharti hata kama hati ni yako. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Kwenye sheria ya aina hiyo, nyumba iliyojengwa kihalali zamani inajikuta ndani ya ukanda bila kusogea hata hatua, na hilo ni la kuzungumza na mwanasheria wa ardhi, si na mwenyekiti wa mtaa peke yake. Kabla hamjaenda, mpima ardhi aliyesajiliwa arejeshe bikoni za mpaka kwa vipimo vya hati, hata zile zilizozama, na zipigwe picha.

Mambo machache hayasubiri miadi. Ukiona ufa kwenye ardhi unaokwenda sambamba na ukingo, miti ya juu ikianza kulala kuelekea ziwani, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama, hamisheni watu siku hiyohiyo, hata kama jua linawaka. Waya za umeme zilizo karibu na maji zikatwe na shirika husika, msiziguse. Baada ya hapo muite mhandisi wa udongo aje auone ukingo kwa macho, kwani picha za simu hazionyeshi maji yanayochuruzika katikati ya tabaka. Kabla hujakubali mchoro wake wa ukuta, mwulize maji yaliyomo ndani ya ukingo yatatokea wapi ukuta ukishasimama. Akikosa jibu la wazi, tafuta mwingine.